Paja Lisilopata Amri: Misuli na Neva kwa Mgonjwa wa Goti Lililosagika



Nimeombwa nizungumzie goti, lakini muda mwingi nitakaa kwenye paja. Mgonjwa wa goti lililosagika akifika kliniki, macho yetu sote hukimbilia picha ya eksirei: gegedu limebaki kiasi gani, mifupa imekaribiana vipi. Paja halipigwi picha. Tukiliona limekonda tunasema ni uzee, au ni kukaa sana, kisha tunampa karatasi ya mazoezi na kumwambia ajitahidi. Akirudi bila nafuu, faili huandikwa kwamba hafuati maelekezo. Hoja yangu ni kwamba wengi wao wanafuata. Tatizo ni kuwa amri haifiki kwenye msuli kwa ukamilifu.

Misuli ya mbele ya paja ni minne, kwa pamoja huitwa kwadrisepsi, na yote huamrishwa na neva ya femorali, inayotoka kwenye mizizi ya pili hadi ya nne ya neva za kiuno. Vitabu husema kazi yake ni kunyoosha goti. Ni kweli, ila mgonjwa anaihitaji zaidi anapokwenda chini: kushuka ngazi, kushuka daladala, kuchuchumaa chooni, kusujudu bila kujibwaga. Hapo msuli hukaza huku ukirefuka, ukipokea mshindo ambao vinginevyo ungeishia kwenye gegedu. Mgonjwa anayelalamika kwamba goti “linamkatikia” mara nyingi anatueleza habari za paja.

Mwaka 1997 Charles Slemenda na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa wazee wa miaka 65 na zaidi katika jimbo la Indiana, Marekani. Waliwakuta watu wenye dalili za kusagika kwa goti kwenye eksirei, wasio na maumivu na ambao nyama ya mguu haijapungua, lakini nguvu za paja zilikuwa chini. Matokeo hayo yanaitikisa ile imani kwamba goti huuma kwanza, mtu akaacha kutembea, ndipo paja likakonda. Njia hiyo ipo, ila si ya pekee. Mabomba yanaweza kuwa mazima na koki ikawa imefungwa nusu.

Anayeifunga koki ni nani? Wagonjwa wetu husema mafuta ya goti yameisha, na baadhi yetu huwaitikia. Kumbe goti lililosagika mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, na maji hayo ndiyo mshukiwa mkuu. Mwaka 1965 deAndrade, Grant na Dixon walionyesha kwamba goti likijazwa maji, misuli ya mbele ya paja hupunguza utendaji wake. Mwaka 1984 Spencer, Hayes na Alexander walipima kiasi chenyewe kwa kudunga maji ya chumvi kwenye magoti mazima. Msuli wa upande wa ndani wa paja ulianza kuzuiwa yalipofika mililita 20 hadi 30. Ule wa upande wa nje na ule wa katikati ulisubiri mpaka mililita 50 hadi 60. Mililita 20 ni uvimbe mdogo, ambao mkono usiozoea unaweza kuukosa kabisa.

Nisisitize hapa kwamba yalikuwa magoti mazima. Kizuizi hiki hakihitaji maumivu ili kiwepo. Mfuko wa kiungo ukivutwa na maji, vipokezi vilivyomo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na huko seli zinazoamrisha kwadrisepsi huzimwa kwa sehemu. Mgonjwa hana habari, wala hawezi kukishinda kwa kukaza moyo. Mwasho wa ndani ya kiungo huvifanya vipokezi hivyo kuwa vyepesi zaidi kuchokozeka. Maumivu yakiongezeka juu yake, huamsha mwitiko wa kukunja mguu: misuli ya nyuma ya paja inakaza huku ya mbele ikilegezwa. Goti linabaki limekunjika kidogo hata mtu akiwa amesimama, na kila hatua inamchosha. Hisia ya kujua goti liko pembe gani nayo hufifia. Tena kizuizi hicho kimeonekana hata kwenye mguu wa pili, kwa hiyo kuupima ule “mzima” kama kielelezo kunaweza kutudanganya.

Maabara hukipima kizuizi hicho kwa kuushtua msuli kwa umeme wakati mtu amekaza kwa nguvu zake zote. Nguvu ikiongezeka, ujue amri yake ilikuwa na upungufu. Zahanati haina chombo hicho, wala haikihitaji. Mlaze mgonjwa, mwambie ainue mguu ulionyooka. Goti likiinama kidogo wakati mkono wako unaweza kulinyoosha mpaka mwisho, msuli haujafikisha. Kisha mkalishe kwenye kiti, mikono kifuani, uhesabu anasimama mara ngapi kwa sekunde 30.

Kwenye tiba, ninachopigania ni mpangilio. Zoezi linabaki kuwa dawa, ila lipewe msuli ambao koki yake imefunguliwa. Goti lililojaa litolewe maji na mwenye ujuzi huo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 hivi kabla ya zoezi, hupunguza kizuizi kwa muda. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za ngozi asiwekewe. Mkondo mdogo wa umeme wa kutuliza maumivu nao husaidia, pale mashine ilipo. Ndipo aanze kukaza paja, kuinua mguu, kusimama na kuketi. Diklofenaki ya kila siku miezi mingi, inayonunuliwa duka la dawa bila cheti, siihesabu kuwa tiba ya paja; tumbo, figo na presha ndivyo vinavyoilipia.

Wanaosubiri goti bandia wasiachwe wasubiri tu. Mwaka 2005 Ryan Mizner na wenzake waliripoti kwamba mwezi mmoja baada ya upasuaji nguvu za kwadrisepsi zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 62, na upungufu wa amri ulichangia karibu mara mbili ya kukonda kwa msuli. Goti lilikuwa jipya, paja halijapata habari.

Kwa hiyo naomba semina hii ikubali jambo moja dogo la karatasi: kwenye fomu ya rufaa ya mgonjwa wa goti, chini ya mstari wa eksirei, iongezwe mistari mitatu. Goti lina maji au halina. Mguu ulioinuliwa unainama gotini au unanyooka kabisa. Na amesimama kutoka kitini mara ngapi kwa sekunde 30. Kuijaza hakuzidi dakika tano, na wa kuijaza anaweza kuwa muuguzi wa zamu.