Moyo Uliokataliwa na Mama Anayelea

Kama uko Likoni unapika mahamri ya wateja, kama uko Kongowea umeketi nyuma ya mafungu yako ya nyanya, au uko Mikindani unamnyonyesha mtoto, sogeza kiti karibu na redio. Mada ya leo wengi wetu huificha. Tutazungumza juu ya kukataliwa na kuvunjwa moyo, jinsi mambo hayo yanavyoudhuru mwili wa mama, na jinsi imani inavyoweza kukusaidia kusimama tena.

Mama, kukataliwa huja kwa sura nyingi. Pengine ulipomwambia baba wa mtoto kwamba una mimba, alizima simu na mpaka leo hapatikani. Pengine umezaa mtoto mwenye ulemavu, na wakwe wakasema kwao hakuna damu kama hiyo. Pengine ulipimwa kliniki ukaambiwa una virusi vya Ukimwi, ukamweleza mwenzako kwa uaminifu, naye akafunga virago. Au wewe ni nyanya, binti yako amekuachia wajukuu na hapigi simu hata ya kuuliza wamekula nini. Jumapili unavaa vizuri, unakwenda kanisani, unaulizwa habari, unajibu nzuri. Usiku mto unalowa machozi.

Nataka kwanza ujue kwamba maumivu haya hayakai moyoni tu. Mwili nao huyabeba. Usingizi hukatika, chakula hakishuki, kichwa na mgongo huuma, na hasira hutoka kwa jambo dogo. Mama anayenyonyesha na halali wala hali vizuri huchoka upesi, huanza kuona kunyonyesha ni mzigo, na mtoto naye hulia zaidi kwa sababu hapati uso wa kumchekea.

Ni kweli kwamba siku chache baada ya kujifungua mama wengi hulia bila sababu. Hali hiyo ni ya kawaida na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Lakini ikiwa huzuni inazidi wiki mbili, ikiwa huoni raha ya jambo lolote, ikiwa unajiona hufai kitu au humtaki mtoto, huo ni ugonjwa. Unaitwa sonona, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwa hivyo usidhani ni wewe peke yako, na mtu asikuambie umekosa imani.

Sasa fungua Biblia yako katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Hapo utamkuta Elia, nabii mkubwa, amekimbia kwa sababu malkia Yezebeli ametishia kumuua. Kazi yake yote aliiona bure. Aliingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu afe. Angalia vizuri Mungu alivyomshughulikia mtu huyu, kwa maana mimi naona hapo matibabu kamili.

Kwanza, alipewa chakula na usingizi. Malaika hakumhubiria wala hakumkemea kwa maneno yake. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumwambia ale. Mama, ukiwa umevunjika moyo, usianze kwa kujiuliza kwa nini hukuomba sana. Anza na sahani. Uji, mbaazi, samaki, sukuma, chochote kilichopo, kula hata kama hujisikii, na maji unywe. Mtoto akilala mchana, nawe lala, vyombo vitangoja. Kuutunza mwili wako ni sehemu ya ibada.

Pili, alisikilizwa. Alipofika mlima Horebu, Mungu alimuuliza anafanya nini pale, na Elia akamwaga malalamiko yake yote. Akaulizwa tena, akayasema tena maneno yale yale. Mungu hakuchoka. Mkumbuke pia Hana, mama yake Samweli, ambaye alidharauliwa na mke mwenzake kwa kukosa mtoto. Alilia hekaluni hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Yaani hata mtumishi wa Mungu anaweza kukosea kuhusu machozi ya mwanamke. Lakini Hana hakuondoka. Alijieleza, na Eli akabadilisha maneno yake na kumbariki. Kwa hivyo ukimweleza mtu mmoja kanisani akakuvunja moyo, usifunge mdomo. Tafuta mwingine: mama mchungaji, dada wa ushirika, au nesi wa kliniki. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Tatu, alipewa mwenzake. Elia alilia kwamba amebaki peke yake, na Mungu akamwambia kuna watu 7000 ambao yeye hakuwa na habari zao. Kisha akampa Elisha wa kutembea naye.

Jambo hili la kupewa wenzako tuna ushahidi wake hapa hapa Kisauni. Kila siku matatu hupita Kengeleni, na wengi hawajui kwa nini panaitwa hivyo. Mwaka 1875 wamishenari wa Kanglikana wa shirika la CMS walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wakakiita Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyesimamia mazungumzo ya mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga masoko ya watumwa katika milki ya Sultani wa Zanzibar. Kengele iliyowekwa pale ilipigwa kuonya watu hatari ikikaribia.

Hebu fikiria watu wale walivyokuwa. Wengi waliporwa wakiwa watoto. Hawakujua mama zao wako hai au wamekufa. Walitoka makabila mbalimbali, lugha mbalimbali, na hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kuwatetea. Mmoja wao, Matthew Wellington, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini, akasomeshwa Nasik nchini India. Alikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa David Livingstone mpaka pwani, kisha akaishi Freretown. Alifariki mwaka 1935. Watu wale waliokatwa na jamaa zao walijenga nyumba, wakaoana, wakasimamiana ubatizo wa watoto, wakazikana. Kanisa la Emmanuel bado lipo. Sisemi hawakulia, maana mtu hamsahau mama yake. Ninachosema ni kwamba hawakungoja waliowapoteza warudi ndipo waanze kuishi. Walifanyana jamaa.

Nawe fanya hivyo, mama. Ikiwa wakwe wamekukataa, hesabu waliobaki: jirani anayekushikia mtoto ukienda mferejini, wenzako wa chama, dada wa ushirika, na hata yule jirani yako Mwislamu anayekuletea sahani wakati wa kufuturu. Hao ndio watu wako 7000. Waombe msaada kwa jambo maalumu. Sema, "Dada, nishikie mtoto saa mbili nilale." Ukisema tu kwamba umechoka, watu watakujibu pole na kupita.

Nne, Elia alipewa kazi ndogo ya kurudia. Si yote kwa siku moja. Nawe jipangie jambo moja kila siku: leo kufua nguo za mtoto, kesho kwenda kliniki, keshokutwa kuonana na afisa wa watoto. Ndiyo, hata hilo si kukosa imani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema wajibu wa kumlea mtoto ni wa wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana. Kusamehe aliyekuacha hakumfutii baba deni la chakula na karo. Na kama alikuwa akikupiga, kusamehe hakukulazimishi kurudi katika nyumba ile. Piga 1195, ni bure.

Sasa naomba unisikilize kwa makini. Ikiwa huzuni imepita wiki mbili, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, umwambie nesi wazi: "Silali, sili, nalia kila siku." Ukiwa na mtoto mchanga, mwambie siku ile ile unayompeleka chanjo. Hospitali ya Likoni, ile ya Port Reitz kule Changamwe, na Hospitali Kuu ya Pwani zote hupokea wagonjwa. Kama unatumia dawa za virusi au za ugonjwa mwingine, usiziache kwa sababu umekata tamaa au kwa sababu mtu amekuambia umepona kwa maombi. Omba huku unameza. Aliyempa Elia mkate ndiye anayempa daktari akili.

Na ikiwa umeanza kusikia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako hata usiku mmoja. Mpe mtu unayemwamini mtoto amshike, na uende hospitali sasa hivi, au upige simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199. Usiogope kwamba utapelekwa polisi. Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba. Wewe ni mgonjwa unayestahili kutunzwa.

Nawe uliye mzima unayesikiliza, labda ni mama mkwe, labda ni mzee wa kanisa. Kesho kuna mtu mtaani kwako aliye chini ya mti wa Elia. Usimwendee na mahubiri kwanza. Mwendee na chupa ya chai na mkate, mshikie mtoto, umwache alale. Maneno yatafuata.

Mama mpendwa, yule aliyekukataa hakuwa na mamlaka ya kusema thamani yako. Thamani hiyo ilisemwa na Mungu kabla hujazaliwa. Leo kula, lala, sema na mtu mmoja. Mungu akubariki wewe na watoto wako, mpaka tutakapokutana tena. Kwaheri.