Siku ya Jamhuri Kijijini: Nani Mwenyeji, Nani Mgeni?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia

Akina mama mliobeba watoto, sogeeni hapa kivulini, nafasi ipo.

Tumeombwa tuzungumze juu ya Siku ya Jamhuri. Historia yake mnaijua. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru, na mwaka mmoja baadaye, siku hiyo hiyo, ikawa jamhuri. Leo tunataka kuulizana swali moja tu: hapa kijijini, sikukuu hii ni ya nani?

Katika vijiji tunavyotembelea, mara nyingi mambo huwa hivi. Kabila lililo kubwa linaunda kamati. Halafu wale wachache wanatumiwa ujumbe: "Nanyi mje mcheze ngoma yenu." Wanakuja, wanacheza, wanapigiwa makofi, wanapewa soda, wanarudi kwao. Hesabu ya michango hawaioni. Jameni, huyo ni mwenye sikukuu ama ni mgeni? Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa yule aliyeshika jembe pamoja nasi miaka thelathini, mbona bado tunamwita mgeni?

Tazameni wimbo wetu wa taifa. Sauti yake ilitoka kwa Wapokomo wa mto Tana, katika wimbo wa mama wa kubembelezea mtoto. Wapokomo si kabila kubwa. Lakini ukipigwa wimbo huo, hata Rais husimama wima.

Tena wakumbukeni Wamakonde. Walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Pwani. Watoto na wajukuu walizaliwa hapa, lakini kitambulisho hawakuwa nacho. Bila kitambulisho, akaunti ya benki hufungui, laini ya simu husajili kwa jina lako. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Washona waliotoka Zimbabwe walitangaziwa uraia siku ya Jamhuri yenyewe, tarehe 12 Desemba 2020. Wapemba wa Pwani wakafuata mwaka 2023. Hesabuni wenyewe: hao waliimba wimbo wa taifa Jamhuri ngapi, na huku kwa karatasi si raia?

Na tusijidanganye kwamba kucheza ngoma pamoja kunatosha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Tangu sherehe za Jamhuri za mwaka huo, hata wiki tatu zilikuwa hazijaisha. Majirani hushikamana wakiamua pamoja na kuhesabu pesa pamoja.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

1. Kamati iundwe mwezi mzima kabla ya siku. Kila jamii iliyo kijijini itoe mtu, hata kama ni nyumba tatu tu.

2. Mchango usiwe wa pesa peke yake. Mwenye kuni alete kuni, mwenye mahindi alete mahindi, mwenye punda achote maji. Hesabu isomwe mbele ya watu wote wiki inayofuata.

3. Mbuzi achinjwe na Mwislamu, ili kila mtu ale bila wasiwasi.

4. Hotuba ziwe kwa Kiswahili. Nyimbo ziwe za lugha ya mama, lakini mwenye wimbo aeleze maana yake, watu wasicheke wasichokijua.

5. Siku hiyo andikeni majina ya vijana waliotimiza miaka 18 na hawana kitambulisho. Kikundi kiwasindikize kwa chifu. Mzee mmoja wa jamii kubwa akienda kusema "huyu ni mtoto wetu", amefanya kazi kuliko hotuba kumi.

Kabla hatujaachana, kila kikundi kikae chini ya mti wake dakika kumi kijibu: Ni nani kijijini kwetu hajawahi kuitwa kwenye kamati? Ni nani atakayekwenda kumwita? Siku gani? Mkirudi hapa mtuambie majibu, katibu ataandika.