Afande, Huko Kwenye Tenda Amri Haitoshi!

(Mazungumzo na vijana wa Kiboriloni, Moshi)



Kijana mmoja amenipa kikaratasi. Kaka yake ni kapteni jeshini, amebakiza miaka mitatu kustaafu. Anataka kuhamia kwenye ununuzi, na akivua gwanda aendelee na kazi hiyo hiyo uraiani. Anauliza ajipange vipi. Huko nyuma mmecheka, na mmoja amesema, "Huko ndiko kwenye ulaji!" Ndugu zangu, hiyo ndiyo fikra iliyotufilisi. Ngoja nimjibu kijana huyu.

Mnaikumbuka rada? Septemba 1999 Serikali ya CCM ilikubali kununua mtambo wa rada kutoka kampuni ya Uingereza, BAE, kwa dola milioni 39.97. Watoto wetu walikuwa wanakaa chini madarasani! Benki ya Dunia ilisema mtambo ni ghali mno. Waziri wao wenyewe wa misaada, Clare Short, alipinga. Ukanunuliwa. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark, London, BAE ilikiri kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu, ikatozwa faini ya pauni 500,000. Mahakama ilielezwa kwamba dola milioni 12.4 zilikwenda kwa kampuni za dalali mmoja, Sailesh Vithlani. Hiyo ni karibu theluthi ya bei! BAE ikalazimika kutoa pauni milioni 29.5, zikaja kununua vitabu na madawati.

Ninyi hapa sokoni, belo la laki tatu dalali achukue laki moja, mtamwacha aondoke?

Sasa kapteni. Mtaji wake ni kwamba anajua kazi. Anajua buti gani hupasuka baada ya miezi miwili na lori gani hukwama kwenye matope. Mtu wa namna hiyo anatakiwa mezani, lakini mtaji huo peke yake hautoshi.

Kwanza, asome sasa hivi, wakati bado analipwa mshahara. Tangu sheria ya 2007 tuna Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na anayefanya kazi hii anatakiwa kusajiliwa nayo. Mitihani yake ina ngazi, haimalizwi kwa mwezi mmoja. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapa hapa Moshi na kinafundisha ununuzi na ugavi. Akisubiri siku ya kukabidhi gwanda, amechelewa.

Pili, aombe kupangiwa stoo, ugavi, au karakana ya magari. Ajue kwamba bei ya kununua gari ni mwanzo tu. Kuna vipuri, matairi na mafundi kwa miaka kumi. Gari rahisi ambalo vipuri vyake vinauzwa na mtu mmoja tu duniani ni mtego.

Tatu, aijue sheria. Tumekuwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2001, ya 2004, ya 2011, na sasa ya 2023. Zabuni zimehamia kwenye mfumo wa kompyuta uitwao NeST. Lakini kompyuta haimzuii mkubwa kupiga simu usiku akutajie kampuni anayoitaka.

Hapo ndipo kapteni atapata taabu. Kwa miaka yote jeshini amefundishwa kwamba amri hutekelezwa kwanza, maswali baadaye. Kwenye zabuni lazima aweze kusema, "Afande, naomba agizo hilo kwa maandishi." Wengi wa wapiga simu hawataandika. Na yeye ajiandae: anaweza kunyimwa cheo, anaweza kuhamishwa. Kama hayuko tayari kwa hilo, asiguse kalamu ya tenda.

Wala asitishwe na neno "siri". Silaha zina siri yake, sawa. Lakini unga, buti na dizeli vina siri gani ya taifa? Bei ikifichwa, jua kuna mtu anaficha tumbo lake.

Mwisho, akistaafu, wauzaji watambishia hodi. Watampa kazi ya "ushauri" yenye mshahara mnono, kwa sababu tu ana namba za simu za wenzake waliobaki kambini. Akikubali, amekuwa dalali kama yule wa rada.

Kijana, mpelekee kaka yako maneno haya. Akisema yuko tayari, mwambie kesho aende chuoni akachukue fomu. Akisema alikuwa anafuata ulaji, mwambie abaki kambini amalizie miaka yake mitatu.