Upepo wa tairi na udongo wa mbuga

Tazama alama ya trekta kwenye jaruba la mpunga: mfereji umeshindiliwa, maji yamesimama, mizizi haipenyi, mpunga umedumaa.

Udongo wetu mweusi wa mbuga hapa Ilemela ukilowa hauvumilii uzito. Tairi hukandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo ndani yake. Upepo ukipungua, tairi hulala, unyayo wake unapanuka na uzito unagawanyika. Lakini tairi la kawaida ukilipunguza upepo ovyo, ubavu hupata joto na kupasuka.

Kwa trekta kubwa, tafuta ubavuni herufi IF au VF. Kwa upepo uleule, IF hubeba asilimia 20 zaidi ya tairi la kawaida, VF asilimia 40. Au hubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo. Kabla ya kulipa, uliza rimu: VF nyingi hutaka rimu pana zaidi.

Mwenye trekta dogo, mimi ningemshauri aanze na geji nzuri ya upepo. Apime alfajiri, tairi likiwa baridi, kisha afuate jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa mzigo uliopo plau ikiwa imeinuliwa.