Askari wa Kifaru na Ng'ombe Wetu

Mazungumzo kwa viongozi wa walei, Nyamwaga



Tunapozungumza juu ya haki na amani, mara nyingi mifano yetu ni ya watu peke yao. Leo tumeona vema tuanze na ndege. Kila mchungaji wa hapa Nyamwaga amekwisha kumwona yule ndege wa rangi ya kahawia, mwenye mdomo mwekundu, atambaaye mgongoni na masikioni mwa ng'ombe akiokota kupe. Kule Serengeti humpanda nyati, twiga na kifaru. Ndiyo maana Waswahili wamemwita askari wa kifaru.

Jina hilo si la bure. Mwaka 2020 watafiti Roan Plotz na Wayne Linklater walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya vifaru weusi wa Afrika Kusini. Kifaru haoni vizuri kwa mbali. Wasiokuwa na ndege walimtambua mtu anayewaendea mara 23 tu katika 100, tena akiwa amekwisha fika kiasi cha mita 27. Wenye ndege, ambao hupiga kelele waonapo hatari, walimtambua angali mita 61. Huyu anapata chakula, yule anapata macho.

Hata hivyo, tusiharakishe kusifu. Mtafiti mwingine, Paul Weeks, aliwachunguza maksai huko Zimbabwe, akaandika mwaka 2000. Baadhi yao aliwakinga na ndege, wengine akawaacha. Kupe waliokomaa hawakupungua kwa sababu ya ndege. Tofauti ilionekana katika vidonda: waliotembelewa na ndege walichelewa kupona, kwa maana ndege huyu hupenda damu, naye hukichokoa kidonda kisifunge.

Basi, ni rafiki au ni mnyonyaji? Kwa maoni yetu ni vyote viwili, kadiri ya hali. Riziki yake ikitoka kwa kupe, wote wawili wanafaidika. Ikitoka kwenye jeraha, anafaidika yeye peke yake, na bado anakaa mgongoni pale pale, kwa jina lile lile la askari. Sisi watu wa Tarime, tuliokesha miaka mingi kwa sababu ya wizi wa mifugo, hatuhitaji kufundishwa jinsi mlinzi awezavyo kupata faida wizi usipokoma.

Lakini ndege hashtakiwi. Tuutazame upande wetu. Ndigana kali huletwa na kupe, kwa hiyo kuogesha mifugo ni lazima. Huko Afrika Kusini, dawa za arseniki zilizotiwa majoshoni hapo zamani ziliwaua ndege hawa, wakatoweka sehemu nyingi. Kabla ya kununua dawa ya josho, wafugaji na wamwulize bwana mifugo kama inamdhuru ndege. Na ng'ombe mwenye kidonda atibiwe mapema, asipelekwe malishoni na jeraha wazi.