Maji ya Kunawa Uso Ni ya Nani?



Tumekutana kuzungumza juu ya haki, na huenda wengine watashangaa tukianza na tongotongo katika macho ya mtoto. Lakini sisi wa nyanda za kati tunaufahamu ugonjwa wa vikope, yaani trakoma.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria. Hupita kwa vidole, kwa nzi, na kwa kanga moja inayofuta nyuso za watoto watatu kwa zamu. Mtoto akiambukizwa tena na tena kwa miaka mingi, kope hupata makovu kwa ndani, hujikunja, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila apepesapo. Upofu huja ukubwani, polepole na kwa maumivu. Wanawake, kwa kuwa ndio walezi wa watoto, hupofuka zaidi ya wanaume. Na bibi akipofuka, anayeshika ncha ya fimbo yake mara nyingi ni mjukuu wa kike aliyestahili kuwa darasani.

Wilaya ya Kongwa, ambayo wazee huikumbuka kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ilifanyiwa utafiti mkubwa wa vikope. Vijiji sita vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini; vitatu kati yake viliongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso. Matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha kuwa, baada ya mwaka mmoja, vikope vikali vilipungua zaidi kule kwenye kampeni.

Mbona basi jambo jepesi hivyo halikuwa likifanyika? Akina mama walipoulizwa hawakukosa jibu: maji yako mbali, muda hautoshi, na maji ya ndoo yana kazi nyingine ambazo mume na ukoo huziona muhimu zaidi. Tusiwalaumu kwa uchafu. Anayebeba ndoo kichwani hakuwa na sauti juu ya matumizi yake. Ilibidi kuwaonyesha wanakijiji, wanaume wakiwapo, kwamba lita moja huosha nyuso nyingi kuliko walivyodhani. Hatujui mahubiri yaliyofanya kazi kubwa kuliko kata ile ya maji!

Tangu 1999 nchi yetu imegawa pia azithromaisini, dawa ya kumeza, katika maeneo yenye vikope. Inasaidia sana, ila uso usiponawishwa, ugonjwa hurudi.

Kwa wenye kope zilizokwisha kujikunja, kung'oa nywele kwa kibanio hutuliza kwa muda tu, kwani huota tena. Upasuaji wake ni mdogo na hufanywa kwa ganzi. Dawa za majani zisitiwe machoni kamwe. Zimewapofusha watu ambao wangepona. Tena, si kila mzee asiyeona ana vikope. Mboni ikiwa nyeupe huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa hospitalini na mtu akaona tena. Kusema “ni uzee tu” ni kumnyima haki yake.

Tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo, kabla ya mkutano ujao, ihesabu wazee wake wasioona na kuuliza ni nani aliyewahi kupelekwa kwa daktari wa macho. Na akina baba waje wakiwa wamekwenda kisimani walau mara moja, na ndoo.