Nyanya, Jua na Nyuki Anayevuma

Mnyanya wako umechanua vizuri, lakini asubuhi unakuta maua yamedondoka chini. Je, ni ugonjwa? Mara nyingi ni joto. Mchana likizidi nyuzi 32, au usiku ukikosa baridi, chavua hudhoofika na ua huanguka bila kuzaa.

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, ila chavua yake imefungiwa ndani, kama chumvi ndani ya kichupa chenye matundu. Lazima litikiswe. Upepo husaidia, lakini fundi hasa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Hulishika ua, akavuma kwa nguvu, chavua ikamwagika. Nyuki wa asali hana ufundi huo.

Basi ufanyeje? Mosi, tandaza nyasi kavu shinani ili unyevu udumu. Pili, mwagilia asubuhi, kwa kipimo kile kile. Maji ya leo tele, kesho hakuna, huozesha kitako cha tunda. Tatu, tikisa vijiti vya kuegemeza miche kabla jua halijawa kali.

Na dawa? Kagua majani kwanza. Yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi muache: anakula vidukari. Ukilazimika kupuliza, ngoja jioni, nyuki wakishalala.

Shambani si kila mdudu ni adui.